Mti wa Yuda Haubebi Mtu

Alhamisi asubuhi, Bwana Hamo Draycote alitundika mfuko wa tandiko la farasi wake kwenye tawi la mti wa Yuda, akarudi nyuma, akangoja. Hakungoja sana. Tawi lilialika, likakatika, na mfuko ukaanguka matopeni pamoja na jibini la chakula chake cha mchana.

“Basi,” alisema. “Hakufia hapa.”

Roger Pyk, msimamizi wa mashamba ya bwana mwenye ardhi ya Marlcote, alikunja uso. Yeye alikuwa na kesi iliyokwisha: maiti anayo, mhalifu yumo kanisani, kilichobaki ni mkaguzi wa vifo wa mfalme kuandika na kwenda zake. Hakupenda kumwona mkaguzi akicheza na matawi.

“Mheshimiwa, alikutwa hapa hapa Jumanne alfajiri. Kamba shingoni, tawi kifuani. Lilivunjika akiwa ameshakufa. Mbona jambo dogo hili.”

“Pyk, marehemu alikuwa mtu wa nyama. Tawi lililomwangukia ni jembamba kuliko hili langu. Lingekatika kabla hajapata hata nafasi ya kukohoa.” Hamo aliokota jibini, akalifuta kwenye joho. “Mti huu ndani ni uboho mtupu. Kila mtu hapa anajua.”

Kweli kila mtu alijua. Mtoto wa bonde lile hujifunza mapema kwamba Yuda, alipokwisha kumuuza Bwana wake, alijinyonga kwenye mti wa jamii hii, na tangu hapo mti ukalaaniwa usiwe na nguvu. Kuni zake hazichomwi nyumbani. Seremala haugusi.

“Aliyemleta hapa hakutaka kumficha,” alisema Hamo. “Alitaka aonekane, tena aonekane kwenye mti huu. Anatuambia huyu ni msaliti. Sasa niambie wewe unayemjua: mtawa ombaomba, anayeishi kwa mkate wa kupewa na kutunga nyimbo za Bikira Maria, alimsaliti nani?”

“Ndugu Osbern? Hakumsaliti hata kuku. Alikuwa mtakatifu yule.”

Mtakatifu alikuwa amelazwa juu ya wavu wa fito, amefunikwa gunia, kwa kuwa sheria haikuruhusu azikwe kabla mkaguzi hajamwona. Hamo alifunua. Kitu cha kwanza alichokiona kilimpandisha hasira: kanzu ya kijivu ya marehemu ilikuwa imekatwa pindo, mahali pengine hadi magotini.

“Nani amefanya hivi?”

“Wanawake, mheshimiwa. Wanataka kipande kimoja kimoja cha kuweka nyumbani. Watu wanasema ni shahidi wa imani. Kumepona jino la mtu tayari.” Pyk alishindwa kuificha furaha yake. Kijiji chenye shahidi hupata wageni, na wageni hula na kunywa.

“Nguo ya maiti ni ushahidi wangu, si kitambaa cha kuponya meno. Mtu mwingine akiigusa, nitakufunga wewe.”

Aliinama akafanya kazi yake. Shingoni alama ilikuwa nene, imekwenda juu nyuma ya masikio. Mtu huyu alivutwa kwenda juu taratibu, hakuangushwa. Kamba ilikuwa ya kitani nene, ina mafuta ya siku nyingi, na katikati ya nyuzi zake zilinasa nywele fupi nyekundu. Hamo alizivuta, akazinusa. Ng'ombe. Nyayo za marehemu hazikuwa na michubuko ya kuburutwa. Viganja navyo vilikuwa na alama nyingine kabisa, laini, hafifu, kama ya kamba iliyosukwa kwa mchezo, na ndani ya mkono wa kanzu palikuwa na ua dogo la manjano lililonyauka.

“Hayo ya mikono achana nayo,” alisema Pyk. “Jumatatu ilikuwa ya kamba.”

“Aa,” alisema Hamo, akaliacha ua.

Jumatatu ya pili baada ya Pasaka ni ya wanawake. Hutoka na kamba walizozisuka na maua, wakamfunga kila mwanamume wanayemkuta njiani, na hafunguliwi mpaka atoe chochote kwa ajili ya paa la kanisa. Pyk mwenyewe alifungwa mara mbili, mara ya pili na wake za watu aliowatoza faini. Hamo, kila mwaka siku hiyo, hujifungia ndani akasema ana homa. Na hapo ndipo mtu mwenye akili zake alipojikwaa. Jambo la kila mwaka halionekani. Unalipita kama kizingiti cha nyumba yako.

“Twende kanisani,” alisema.

*

Adkin Tole alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye madhabahu, kijana wa mabega mapana aliyezoea jembe la kukokotwa. Mlangoni walinzi wawili wa Pyk walipiga miayo. Sheria iliwazuia kuingia: aliyekimbilia kanisani hashikwi kwa siku arobaini. Zikiisha, ama ajitoe akanyongwe, ama aape kuiacha nchi, atembee pekupeku hadi bandarini na asirudi tena hadi afe. Adkin hakuwahi kufika hata mjini isipokuwa mara moja, vuli iliyopita, kumtazama dada yake akinyongwa.

Hamo alilikumbuka jambo hilo vizuri kuliko alivyopenda. Yeye ndiye aliyekaa juu ya shimo, wakati mifupa midogo ikitolewa moja moja, akaandika kwamba Annot Tole alijifungua kwa siri akamuua mtoto wake. Msichana alisema mtoto alizaliwa hana pumzi, na kwa kuwa hakubatizwa, asingepokelewa makaburini, ndiyo maana akamlaza mahali pazuri. Wazee wa baraza hawakumwamini.

“Nilimuua mimi,” alisema Adkin kabla hajaulizwa.

“Vizuri. Umenipunguzia kazi. Ulimuuaje?”

“Nilimnyonga. Kwenye mti wa Yuda.”

“Alipiga piga miguu?”

“Sana.”

“Miguu ilikuwa juu ya ardhi kiasi gani?”

Kijana alipima kwa mkono, mahali pa kiuno chake. Hamo alilitoa jibini mfukoni, bado lina tope, akalitazama, akalirudisha.

“Tawi lile limeshindwa na jibini langu, Adkin. Haya, tuseme umekosea mti. Kwa nini umuue Ndugu Osbern na si mwingine? Nakuuliza kwa sababu, kama ningekuwa wewe, ningeanza na huyu Pyk. Halafu mimi.”

 Macho ya Adkin yalitafuta jibu sakafuni, ukutani, kwenye sanamu ya Mariamu. Hakulipata, na Hamo aliona wazi kuwa halimo.

“Simpendi tu,” alisema mwishowe.

“Ulikuja hapa lini?”

“Jumatatu mchana, kabla ya...” Alijing'ata.

“Kabla ya nini?”

Adkin aligeuza uso kuelekea madhabahu.

“Paroko wenu mzee, hakumbuki hata sikukuu ni lini, hawezi kukusaidia. Nisaidie mimi. Mtu haji kujificha kwa kosa ambalo halijatendeka. Kuna aliyekutuma. Alikuambia nini?”

“Nimeshasema nilimuua. Andika.”

“Uongo unaoandikwa na mimi unakaa milele, kijana. Siuandiki hivi hivi.”

“Basi niache.” Sauti ilimvunjika. “Niache, bwana. Kama lazima aende mtu, niende mimi.”

Hamo alitoka nje akasimama juani. Pyk alikuwa anatabasamu.

“Amekiri, sivyo?”

“Amekiri kitu ambacho hakukiona. Jumatatu mchana Osbern alikuwa wapi?”

“Alikunywa pombe kwa Hawise. Baada ya hapo sijui. Siku ile kila mtu alikuwa amefungwa mahali.”

*

Hawise mpika pombe alisikika kabla hajaonekana. Alikuwa anakoroga kimea ndani ya banda la mvuke, akiimba kwa sauti nzito wimbo ambao hakuna mtu wa bonde lile asiyeujua. Ndugu Osbern aliutunga mwaka jana wakati wa mavuno: Bikira Maria chini ya msalaba, akikumbuka mwanawe alipokuwa mdogo. Ulikwenda soko hadi soko. Mke wa Hamo mwenyewe aliuimba akitia mkate motoni. Wengine husema Mariamu ni waridi, ni nyota ya bahari. Osbern alimketisha kwenye majani yao wenyewe, na watu wakampenda kwa hilo.

Nilikulaza bondeni, penye mwiba wa maua,
mawe matatu mtoni, kichwani nikakutia,
majani ya ukingoni, nguo nikakufanyia,
ndege mdogo wa maji, ndiye alokulilia.

Hamo aliinamisha kichwa kuingia, na wimbo, alivyoujua yeye, huishia hapo. Hawise hakunyamaza. Alivuta pumzi akaendelea.

Nalinong'onezwa siri, sikioni nikatia,
nikaigeuza wimbo, sokoni ikaingia;
mti wa Yuda niite, tawi lako nalijia,
ndege mdogo wa maji, mimi hatanililia.

“Huo ubeti wa pili umeutoa wapi?” aliuliza Hamo.

“Karibu, bwana mkubwa. Wengine huanza na habari za asubuhi.” Hawise alijifuta jasho. “Huo ni mpya. Ni Yuda anasema. Unasikitisha, eti? Marehemu alitupa Jumatatu, ndio wa mwisho wake masikini. Bonde zima linauimba. Wachuuzi wa chumvi wameuchukua, wasichana wa kinuni wameuchukua.”

“Alikupeni wapi?”

“Kivukoni. Tulimnasa pale na kamba. Si unajua ombaomba hana kitu mfukoni, tukamwambia basi lipa kwa wimbo. Akacheka, akasema niimbe upi? Mama Sabin akasema, imba ule wa mwiba.”

“Sabin Tole? Mama yake Adkin?”

“Huyo huyo. Tulishangaa ametoka. Tangu binti yake, Mungu amrehemu, hajacheka na mtu. Tukasema afadhali, amerudi kwenye dunia ya watu. Yeye ndiye aliyeshika ncha ya kamba.”

Hamo aliketi juu ya pipa bila kukaribishwa. “Endelea. Pole pole.”

“Akaimba. Alipofika mwisho, Sabin akasema, bado ubeti mmoja. Osbern akasema, wimbo umekwisha, mama. Sabin akasema, haujaisha, nitakupa, wewe fuatisha. Basi akamsomea mstari mmoja mmoja, naye anafuatisha. Nakwambia alilia yule mtu, machozi hadi kwenye ndevu. Mikono imefungwa, hata kujifuta hawezi. Tukalia sote. Nikamwambia shoga yangu, tazama, huyu ni mtu wa Mungu kweli, anamlilia hata Yuda.”

“Hakuomba afunguliwe?”

“Hakusema kitu. Alimtazama Sabin tu, kama mtoto aliyekojoa kitandani. Sabin akasema, njoo nyumbani ule. Akaenda naye, kamba mkononi, sisi nyuma tunapiga makofi. Watu wote waliwaona. Hata Pyk aliwaona, alitupungia mkono.” Hawise aliacha kukoroga. Kitu kilikuwa kinampanda usoni taratibu, na hakikuwa mvuke. “Bwana mkubwa. Kwani unauliza nini?”

“Nimewauliza wote niliokutana nao swali moja tangu asubuhi. Jumatatu mliona jambo lolote la ajabu? Wote wamenijibu hapana.”

“Ilikuwa siku ya kamba,” alisema Hawise kwa sauti ndogo. “Ilikuwa mchezo.”

“Ndiyo. Umechaguliwa vizuri.”

Hawise aliketi chini kwenye majivu. Pindo la kanzu ya kijivu, alilokuwa amelishona kifuani pake, alilishika kana kwamba linamuunguza.

*

Pyk alikuwa nje anamkagua farasi wa Hamo, kama mtu anayetaka kukopeshwa.

“Nikuulize la mwaka jana,” alisema Hamo. “Ulinipeleka kando ya kijito, ukasema tuchimbe. Sikukuuliza ulijuaje.”

Pyk alivimba. Alikuwa amelingoja swali hilo tangu vuli. “Ni akili tu, mheshimiwa. Tumbo la yule msichana nililiona, halafu sikuliona tena, wala mtoto sikumwona. Nikakaa nalo. Siku moja namsikia Osbern anaimba. Mwiba mweupe, mawe matatu, majani mapana, yule ndege wa kutikisa mkia. Nikajiambia, mtunzi haokoti mawe hewani. Katika bonde hili kuna mahali pamoja tu penye vyote hivyo. Nikaenda na jembe.”

“Na hukujiuliza yeye aliyajuaje?”

“Aliyajuaje nini?”

“Hukujiuliza.” Hamo alivuta hatamu. Na yeye mwenyewe hakujiuliza. Aliona mifupa akaandika. Msichana alilala mahabusu kutwa kucha akisema nilimwambia mtu mmoja tu, nilimwambia mtu mmoja tu, na mkaguzi wa mfalme akadhani ni wazimu wa hofu. Mtu mmoja tu: Osbern, mtawa aliyekuwa pia padri, ambaye msichana alipiga magoti mbele yake, akamnong'oneza sikioni ili Mungu amsamehe. Padri anayetoa siri ya kitubio hufungiwa kwenye chumba cha watawa maisha yake yote. Ndiyo maana Osbern hakupiga kelele kivukoni. Angepiga kelele aseme nini?

*

Nyumba ya Sabin Tole ilikuwa mwisho wa njia, na nyuma yake mwaloni mkubwa. Hamo hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mti, akatazama juu. Tawi nene, sambamba na ardhi, na juu yake gome limesuguliwa hadi kwenye ubao mweupe, mahali ambapo kamba imepita na mzigo. Chini palikuwa na alama za kwato za ng'ombe mmoja zilizokwenda mbele kwa nguvu zikizama, zikasimama, zikasimama muda mrefu. Kando yake palikuwa na alama za sleji, gari la kuburutwa lisilo na magurudumu, zilizoelekea uwanda wa mti wa Yuda.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa zizini, mwekundu, anatafuna.

“Ni mpole sana,” alisema sauti nyuma yake. “Ukimwambia simama, anasimama. Mume wangu ndiye aliyemfunza.”

Sabin alikuwa mwanamke mwembamba, mikono mirefu, kitambaa safi kichwani. Alivaa viatu vya safari. Mezani, mlango ukiwa wazi, palionekana mkate uliofungwa tayari kwenye nguo.

“Umechelewa, Bwana Hamo. Nilidhani ungefika jana.”

“Njia ina matope.”

“Mwaka jana ilikuwa na matope vile vile, ukawahi.”

 Pyk alikuwa amefika nyuma yake, amepigwa na butwaa, macho kwenye tawi.

“Adkin anasema ni yeye,” alisema Hamo.

“Adkin hajui kitu. Nilimwambia ingia kanisani, shika madhabahu, usitoke hata ukisikia nimekufa. Nilitaka awe mahali ambapo mkono wa huyu,” alimwashiria Pyk bila kumtazama, “hauingii. Nilijua atamkamata yeye kwanza. Mkono wake umezoea watoto wangu.”

“Mama, angalia ulimi wako,” alisema Pyk.

“La sivyo utanifanya nini?”

Pyk alirudi nyuma hatua moja.

“Ungesema Jumanne, mwanao angetoka Jumanne,” alisema Hamo.

“Ningesema kwa Pyk? Pyk angenitupa kisimani akaendelea kuuza vipande vya kanzu. Nimekungoja wewe unayeandika. Na nilitaka siku chache.”

“Za nini?”

 Sabin alikwenda zizini akamkuna ng'ombe kati ya pembe.

“Alikula,” alisema. “Nilimpa supu, nikamlisha kwa kijiko kwa sababu ya mikono. Nikamuuliza kwa nini. Hakukana, nampa haki yake. Alisema hakukusudia ubaya, na jina hakulitaja. Alisema Annot alipomwambia, mwiba, mawe, majani, yule ndege, alikwenda nayo moyoni wiki nzima, akashindwa kuyaacha. Yalikuwa mazuri mno, alisema. Alidhani anampa Bikira Maria.” Alimpapasa ng'ombe shingo. “Nikamwambia, mwanangu naye alikuwa mzuri. Wewe umempa nani?”

“Akasemaje?”

“Akaniomba msamaha.”

“Nawe?”

“Nilikwenda kumtoa ng'ombe.”

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hamo alifanya lililokuwa lake. Alisema kwa jina la mfalme kwamba anamkamata Sabin Tole kwa kumuua Osbern, mtawa wa shirika la kijivu, na kwamba Adkin Tole hana hatia, na afunguliwe leo hii. Alilisema la Adkin mara mbili, Pyk alisikie.

“Hilo la pili liandike kwanza,” alisema Sabin.

“Nitaliandika kwanza.”

Hakukuwa na pingu. Pyk alitazama huku na huku, akaichukua kamba iliyotundikwa kwenye msumari mlangoni, imesukwa na maua ya manjano yaliyokauka, akamfunga nayo. Sabin alinyoosha mikono bila kuambiwa.

“Yote haya yataandikwa,” alisema Hamo walipoanza kutembea. “Aliyoyafanya Osbern pia. Itajulikana kwamba Annot hakutangazwa na dhambi yake. Alitangazwa na padri wake.”

“Kwa Kilatini.”

“Ndiyo, kwa Kilatini.”

“Kwenye ngozi ya kondoo, ndani ya sanduku, chini ya kufuli.” Sabin alitikisa kichwa, bila hasira, kama anayemwonea huruma. “Andika, bwana. Wewe kazi yako ni hiyo. Yangu mimi nimeshaimaliza.”

Hamo alisimama. Sasa alielewa zile siku chache Sabin alizitaka za nini.

Waliwasikia kabla hawajawaona. Watawa wa kijivu walikuwa wanapanda njia kutoka mjini, wamekuja kumchukua ndugu yao, na machela mabegani na mshumaa uliowashwa mchana. Wasichana wa kinuni walitembea kando yao, wakifuta macho kwa aproni. Walikuwa wanaimba wimbo wa Osbern, wa mwiba na mawe matatu, kwa sauti tulivu za watu waliozoea kuimba pamoja. Walipomaliza ule ubeti hawakunyamaza. Nalinong'onezwa siri, waliimba ndugu zake, sikioni nikatia.

“Wanyamazishe,” Pyk alinong'ona. Hata yeye alikuwa amekwisha kuelewa.

“Waambie maana yake, bwana,” alisema Sabin. “Wataacha, na kila mtu atajua ndugu yao alikuwa nani. Watakuuliza na mtoto alichimbuliwa na nani, nawe utawajibu. Au kaa kimya, waende nao hadi mjini, na kutoka mjini hadi baharini, wamzike nao, wawafundishe wageni watakaokuja kuponywa meno. Chagua. Mimi yote mawili nimeridhika nayo.”

Mkubwa wa watawa, mzee mwenye macho mekundu ya kulia, alifika mbele ya Hamo akainama. Alimwona mwanamke aliyefungwa kamba ya maua, na kwa kuwa wiki ile ilikuwa ya kamba, hakushangaa.

“Amani kwako, bwana. Samahani, tunaimba ubeti wake wa mwisho. Wanawake hawa ndio waliotufundisha. Unaufahamu?”

Hamo alimtazama Sabin, akatazama chini. Njia yote iliyomleta kwenye jibu ilipita kando ya lile shimo la mtoto, na hapakuwa na namna ya kuliruka.

“Naufahamu,” alisema, akavua kofia. “Endeleeni.”

Mzee alidhani ni heshima, akambariki. Wakaanza tena ubeti tangu mwanzo, polepole zaidi, na mbele yao, Pyk alipowaashiria walinzi, mlango wa kanisa ukafunguliwa, Adkin akatoka nje akiziba macho kwa sababu ya jua. Sabin alimwona. Alinyoosha shingo ili naye amwone, kisha, mikono ikiwa kwenye kamba, akaitikia mstari wa mwisho pamoja na watawa, kwa sauti nzuri kuliko yao wote.